Watoto Wadogo na Runinga katika Nyumba za Malezi
Somo kwa walezi, walimu wa dini na wazee wa sharika



Mwezi huu twataka kunena habari za watoto wadogo sana, wale ambao hawajatimiza miaka mitatu, wanaoachwa mchana katika nyumba za malezi ili wazazi wao waende kazini. Nyumba za namna hii zimekuwa nyingi mijini na hata vijijini, na nyingine zimejengwa na sharika zetu. Katika nyumba hizo kimeingia kitu ambacho wazee wetu hawakukijua, nacho ni kioo kinachowaka. Kwa neno hili kioo twataka kusema runinga ya ukutani, na simu, na kishikwambi, na kila chombo kinachoonyesha picha zinazokwenda zenyewe.

Swali letu ni moja. Je, yafaa mtoto wa umri huu kuwekwa mbele ya kioo na yule aliyepewa kazi ya kumlea? Wako watu waliokwisha kujibu upesi, huyu kwa kusema ndiyo, huyu kwa kusema hapana. Sisi twaomba jambo hili litazamwe polepole, maana lina pande nyingi, na kosa letu sisi wenyewe limo ndani yake.

I. Tuliyoyaona

Usharika mmoja, ambao hatuutaji jina, ulijenga chumba cha kulelea watoto karibu na kanisa. Sisi tulikuwamo katika shauri hilo tangu mwanzo. Chumba kilipokwisha tulichanga fedha, tukanunua runinga kubwa, tukaitundika ukutani, na siku ya kukifungua chumba tuliisifu kuliko vitu vingine vyote. Tulidhani tumewapa watoto mwalimu wa pili.

Mwaka mmoja baadaye tulifika siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Watoto 26 walikuwa wameketi mkekani, wadogo kabisa mbele, nao walikuwa kimya. Tulikifurahia kimya kile, tukasema moyoni kwamba mlezi huyu amewafundisha adabu. Punde akaja bibi mmoja kumchukua mjukuu wake ampeleke kliniki. Akasimama mlangoni akapiga hodi. Hakuna mtoto aliyegeuka. Akapiga mara ya pili na ya tatu. Mlezi alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, asisikie. Ndipo bibi akamwambia mmoja wetu:

"Mwalimu, nimepiga hodi mara tatu. Watoto hawa wametulia, au wamelala macho wazi?"

Mlezi akaja mbio akifuta mikono. "Shikamoo, Bibi. Nisamehe, sikukusikia."

"Marahaba, mwanangu. Sikulaumu. Nauliza tu."

"Bibi, nikiizima hulia wote pamoja. Nami ni mmoja, na uji uko motoni."

Tuliondoka tukiyafikiri maneno hayo, la bibi na la mlezi. Yote mawili yalikuwa kweli. Bibi alisema kweli kwamba watoto hawaitiki, na mlezi alisema kweli kwamba mikono yake haitoshi. Mtu atakayelishika neno moja na kuliacha la pili hatatengeneza kitu. Basi tuanze na neno la bibi.

II. Jinsi mtoto mdogo anavyojifunza

Watu wengi hudhani ya kuwa mtoto hujifunza kusema kwa kusikia maneno mengi tu. Kama ingekuwa hivyo, kioo kingekuwa mwalimu mkuu kuliko wote, maana hakichoki wala hakisinzii. Lakini mambo sivyo yalivyo. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia maneno yanayomjibu yeye. Hutoa sauti, "ba," na mama hugeuka akasema, "Baba? Baba amekwenda kazini." Hunyosha kidole, na mlezi hutazama kule kule, akakitaja kitu kile: "Kuku huyo. Kuku anakula." Hucheka, nasi hucheka naye. Hulia, nasi humwuliza kuna nini, ingawa twajua hawezi kueleza. Hivyo mtoto hutambua ya kuwa sauti yake ina nguvu ya kumgeuza mtu, na kwa ajili hiyo hujaribu tena, na tena, mpaka sauti imekuwa neno.

Wenye elimu wamelipima jambo hili kwa uangalifu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, katika mji wa Seattle huko Marekani, walitoa habari za watoto wa miezi 9 waliokuwa wakisikia Kiingereza tu nyumbani kwao. Watoto wengine waliletewa watu wenye kusema Kichina, wakacheza nao na kuwasomea vitabu, vipindi 12 kwa jumla. Wengine walionyeshwa watu hao hao katika runinga, kwa vipindi vile vile 12. Mwisho wake watoto waliokaa na watu waliweza kupambanua sauti za Kichina zisizokuwamo katika Kiingereza. Waliotazama runinga hawakupata kitu. Walikuwa kama watoto ambao hawakusikia Kichina kamwe.

Mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha habari nyingine. Wao waliwapima watoto wa miezi 12 hata 18 kwa kutumia picha zilizouzwa madukani ili kuwafundisha watoto maneno. Watoto walizitazama nyumbani kwa muda wa wiki 4. Hawakujifunza maneno kuliko watoto ambao hawakuonyeshwa chochote. Waliowazidi wenzao ni wale waliofundishwa maneno yale yale na wazazi wao, bila runinga, katika shughuli za kila siku. Tena lilionekana jambo la kutuonya: wazazi waliozipenda sana picha zile ndio waliozidi kudhani ya kuwa watoto wao wamejifunza mengi. Tuliposoma hayo tulijiona sisi wenyewe tukiisifu runinga yetu siku ile ya kukifungua chumba.

Labda mtu atauliza, Je, ubaya uko katika kioo chenyewe, katika mwanga wake? Jibu lilipatikana mwaka 2014 kwa Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff. Walichukua watoto wa miezi 24 hata 30, wakawagawa mafungu matatu, wawafundishe maneno mapya. Fungu la kwanza walifundishwa na mtu aliyekaa nao. La pili walifundishwa na mtu aliyeonekana katika kioo, lakini aliwaona na kuwajibu, kama tufanyavyo tukizungumza na ndugu wa mbali kwa simu yenye picha. La tatu walitazama picha ya mtu huyo iliyokwisha kupigwa zamani, akizungumza na mtoto mwingine. Mafungu mawili ya kwanza walijifunza; la tatu hawakujifunza. Basi, kilichopungua si uso wala sauti, maana vyote viwili vilikuwapo. Kilichopungua ni jibu.

Haya hayakupasa kutushangaza sisi wenye kusema Kiswahili, maana lugha yetu imejengwa juu ya jibu. Mtu akisema hodi, aliye ndani husema karibu. Mdogo akisema shikamoo, mkubwa husema marahaba. Hata hadithi haianzi mpaka wasikilizaji wameitikia: msimulizi husema paukwa, nao husema pakawa, wasiponena, yeye hungoja. Kioo hakingoji. Mtoto akikisemesha, chaendelea na habari zake. Akinyamaza, chaendelea vile vile. Mtoto anayekaa mbele yake kutwa hufundishwa somo moja lisiloandikwa popote, kwamba sauti yake haibadili kitu.

III. Kioo kinachowaka bila kutazamwa

Wako walezi wanaosema, "Runinga yetu huwaka tu, watoto hawaiangalii, wanacheza." Twawasihi wasikie habari hii. Mwaka 2008 Marie Evans Schmidt, Daniel Anderson na wenzao walitangaza matokeo ya kuwatazama watoto wa miezi 12, 24 na 36 wakicheza na vitu vyao kwa muda wa saa 1. Nusu ya muda huo runinga iliwaka, ikionyesha mchezo wa maswali wa watu wazima, ambao mtoto hauelewi. Ni kweli, watoto waliitupia macho kwa nukta chache tu, kisha wakaiacha. Lakini michezo yao ilikatika-katika. Waliacha kitu upesi wakashika kingine, na muda wa kuzama katika jambo moja ulipungua. Mwaka uliofuata watu wa kundi hilo walionyesha ya kuwa mzazi naye, runinga ikiwaka chumbani, husema kidogo na mtoto wake na kucheza naye kidogo.

Tufikiri maana yake. Mtoto anapopanga vikombe, vikaanguka, akavipanga tena, yuko darasani. Anajifunza kusubiri, kujaribu, na kuvumilia kushindwa. Sauti ikimwita kila mara kutoka ukutani, darasa lake huvunjwa kila mara. Tena mlezi naye huvutwa macho, na kila nukta anayotazama kioo ni nukta ambayo hakumtazama mtoto. Kwa hiyo runinga isiyotazamwa izimwe. Haimfai mtu, nayo ina gharama.

IV. Yaliyoamuliwa mahali pengine

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 5. Yanasema hivi: mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asiwekwe mbele ya kioo, na mtoto wa mwaka 1 vile vile. Mtoto wa miaka 2, na wa 3 na 4, asizidi saa 1 kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Mashauri hayo hayasemi habari za kioo peke yake. Yanataka mtoto wa mwaka 1 hata 2 ajongee na kucheza dakika 180 katika siku, asifungwe mahali pamoja, kama kitini au mgongoni, kwa zaidi ya saa 1 mfululizo, na alale saa 11 hata 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Msomaji ataona ya kuwa hesabu hizi zimefungamana. Siku ya mtoto ni fupi. Saa anazokaa mbele ya kioo zimetolewa katika mchezo, au katika usingizi, au katika mazungumzo.

Lakini shauri ni jambo moja, na amri ni jingine. Mji wa New York ulikuwa wa mapema kuweka amri: tangu mwaka 2007 vituo vya malezi vilikatazwa kuwaonyesha runinga watoto walio chini ya miaka 2, na wakubwa wakapimiwa muda. Nchi ya Ufaransa ilikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 2008 mamlaka ya utangazaji ya huko ilikataza vituo vya Ufaransa visitangaze vipindi kuwa ni vya watoto wa chini ya miaka 3. Mwaka 2024 tume iliyoagizwa na Rais wa nchi, ikiongozwa na Servane Mouton na Amine Benyamina, ilishauri mtoto wa chini ya miaka 3 asiwekwe mbele ya kioo kabisa. Na mwezi wa Julai 2025 serikali ilitangaza amri kwamba mahali popote pa kulelea watoto wadogo, kituoni au nyumbani kwa mlezi mwenye cheti, ni marufuku kumweka mtoto wa chini ya miaka 3 mbele ya kioo.

Habari za Sweden zina mafundisho zaidi, maana wale walirudi nyuma. Mwongozo wa shule zao za watoto wadogo, ulioanza kutumika mwaka 2019, ulitaka vyombo vya namna hii vitumiwe katika kufundisha. Hawakufanya hivyo kwa uvivu. Walidhani, kama sisi, ya kuwa wanawatangulizia watoto wao heri. Lakini baada ya miaka michache serikali iliugeuza mwongozo, na tangu Julai 2025 shule hizo zatakiwa kukaa bila vioo kwa sehemu kubwa. Si aibu nchi kugeuka ikiona kosa, wala si aibu kwa usharika.

V. Wale wasemao, "Lakini…"

Mmoja atasema, "Lakini watoto hujifunza kwa katuni, nimewaona." Naam, tusikatae lililo kweli. Watoto wakubwa kidogo hujifunza. Mwaka 2018 Dina Borzekowski alichapisha habari za uchunguzi uliofanywa Morogoro kwa watoto wa umri wa karibu miaka 5. Walioonyeshwa katuni za Akili and Me, zinazotengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, waliwapita wenzao katika kuhesabu, kutambua tarakimu na kuchora. Hili ni jambo jema, nasi twalifurahia. Lakini mtoto wa miaka 5 amekwisha kuipata lugha. Aweza kuchukua kitu katika picha na kukileta duniani. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi bado. Chakula kigumu si kibaya, ila hakimfai asiye na meno. Kosa letu kubwa katika chumba kile lilikuwa kuwaketisha wote mkeka mmoja, wa miaka 5 na wa miezi 15, mbele ya kitu kimoja.

Wa pili atasema, "Baba yake yuko safarini, nasi humwonyesha uso wake kwa simu." Fanyeni hivyo. Madaktari wa watoto wa Marekani nao, katika mashauri yao ya mwaka 2016, walipowataka wazazi wawaepushe na vioo watoto wa chini ya miezi 18, waliyaacha mazungumzo ya namna hii yawe ruhusa. Sababu yake tumekwisha kuiona: baba hujibu.

Wa tatu ni yule mlezi wetu, naye husema, "Lakini mimi ni mmoja." Huyu ndiye mwenye neno zito kuliko wote. Ufaransa waliweza kutoa amri ile kwa sababu sheria yao yatoa na mikono. Kituo cha huko hutakiwa kuwa na mlezi 1 kwa watoto 5 wasiotembea bado, na 1 kwa watoto 8 wanaotembea. Au kikichagua, 1 kwa watoto 6 wa umri wote. Sisi tulimpa mwanamke mmoja watoto 26, na sufuria ya uji, na runinga. Kisha tukataka kumlaumu kwa kuiwasha! Kioo katika chumba kile kilikuwa mlezi wa pili tuliyemwajiri bila mshahara. Wazee wetu walisema, mkono mmoja haulei mwana. Nasi tulitaka mkono mmoja ulee wana 26.

Habari za Marekani zafanana na hizi. Mwaka 2009 Dimitri Christakis na Michelle Garrison walitoa hesabu za vituo 168 katika majimbo manne. Watoto wadogo waliolelewa nyumbani kwa mlezi walitazama runinga kwa kadiri ya saa 1.6 kwa siku. Waliolelewa katika vituo vikubwa, saa 0.1 tu. Sisi hatuoni ya kuwa walezi wa nyumbani ni wabaya kuliko wenzao. Twaona ya kuwa mtu aliye peke yake hushika kilicho karibu.

VI. Yatupasayo kufanya

Kwanza, mikono iongezwe. Katika kila usharika wako mabibi na mababu wenye nguvu kiasi, wenye saa mbili za asubuhi wasizozijutia. Waombwe kwa zamu, wawili kila siku, hasa saa ambazo kioo huwashwa: watoto wanapofika, uji unapopikwa, na jioni wazazi wanapongojewa. Wachaguliwe watu wanaojulikana vema na usharika, wala mtu asiachwe peke yake na watoto kabla hajajulikana. Kazi yao si kufundisha. Kazi yao ni kukaa mkekani na kujibu.

Pili, watoto watengwe kwa umri. Walio chini ya miaka 3 wasiwe na kioo kabisa. Wakubwa, kama kituo kitataka kuwaonyesha kipindi kilichochaguliwa, waonyeshwe kwa muda mfupi, mlezi akiwa pamoja nao, akiuliza, "Mmeona nini? Ngapi hizo?" Kisha kizimwe.

Tatu, vitu vya kuchezea vipatikane bila gharama. Vikombe vya plastiki, vifuu vilivyolainishwa, masanduku ya karatasi, vitambaa, mpira wa matambara, mchanga safi, maji kidogo ndani ya beseni mlezi akiwa karibu. Angalieni tu: wadogo wasipewe punje, maharage, vifungo au kokoto, maana huingia kooni, wala maji yasiachwe hata kidogo bila mtu mzima.

Nne, mlezi ajizoeze kujibu. Amwite mtoto kwa jina lake anapofika. Amwambie anachofanya anapomvua nguo au kumwosha: "Sasa mkono wa kulia. Uko wapi mkono wa kulia? Huu hapa." Aulizapo, angoje kidogo, ampe mtoto nafasi ya kutoa sauti yake. Katika Programu ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021, mambo matano hutajwa kuwa msingi wa kumlea mtoto: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, nafasi ya kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Neno hili mwitikio ndilo tulilolieleza kwa kirefu katika somo hili. Halihitaji fedha, lakini lahitaji mtu.

Tano, tusikifanye kioo kuwa sababu ya kila kitu. Mtoto asiyegeuka aitwapo, au aliyetimiza miaka 2 naye haunganishi maneno mawili, apelekwe hospitali apimwe masikio. Wako watoto wasiosikia vizuri ambao hulaumiwa kwa ukaidi mpaka wamechelewa sana.

Sita, tujitazame wenyewe. Hata katika ibada twawapa watoto wachanga simu ili wanyamaze. Mlezi wa kituo huona wanayoyafanya wazazi na wazee, kisha hufanya vivyo hivyo. Hatuwezi kumkataza Jumatatu tunalolitenda sisi Jumapili.

VII. Mwisho

Wapenzi wasomaji, labda mtataka kujua mambo ya chumba kile yaliishia wapi. Runinga hatukuivunja. Tuliihamishia chumba cha watoto wakubwa, na saa zake zikawekwa. Yule bibi aliyepiga hodi alikuwa wa kwanza kujiandikisha katika zamu. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Watoto walilia kweli, kama mlezi alivyotuambia, na wengine wetu walishauri tuirudishe. Mlezi mwenyewe alikataa. Alisema, "Ngojeni kidogo. Sasa sipo peke yangu."

Mwezi uliofuata tulifika tena, saa nne asubuhi. Palikuwa na kelele nyingi, na uji ulikuwa umemwagika. Tukapiga hodi. Hawakusema karibu, maana wengi wao hawajui bado kusema. Lakini waligeuka, karibu wote, na mmoja akatunyoshea kidole.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika nyumba ya malezi iliyo karibu nanyi, mlezi mmoja ana watoto wangapi? Nani huko usharikani ajua hesabu hiyo?
2. Ni saa zipi kioo huwashwa zaidi, na kwa nini saa hizo?
3. Kwa nini simu yenye uso wa baba ni tofauti na katuni, ingawa zote mbili huonekana katika kioo?
4. Nani katika usharika wenu aweza kutoa saa mbili kwa wiki? Yaandikeni majina yao kabla hamjaondoka.